Tulivyomfundisha Gorayo Kuimba

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa kama nimekuja kufagia. Aliyeuliza ni Mwalimu Mutua wa fizikia, mtu wa Mwingi, mrefu, mwenye bisibisi kwenye mfuko wa shati pale walimu wengine wanapoweka kalamu. Nilimjibu kwamba mimi ndiye fundi mpya wa maabara. Alinitazama, akalitazama buibui langu, akaniambia nikunje mikono kwa sababu asidi haijui heshima. Hakunihoji zaidi ya hapo. Chai ya saa nne ilinikuta nimeinamia redio ya shule iliyokufa, naye amesimama nyuma yangu akitazama mikono yangu.

Nawaandikia ninyi mlioanza kazi hii juzijuzi katika shule za Garissa, Wajir na Mandera. Tangu nistaafu mmekuwa mkinipigia simu kuniuliza mambo, na nimeona heri niyaweke mahali pamoja kuliko kuyarudia huku ugali unaungua jikoni. Habari za vyeo na mshahara mtanisamehe, sina la maana la kusimulia huko. Nitaeleza kazi yenyewe, na zaidi ile ya miaka ya mwisho, tulipomfundisha mbuni wa plastiki kuimba.

Mwalimu Mutua alikuwa na kanuni moja: sikiliza kwanza, fungua baadaye. Nilipotaka kuifungua redio ile, alinizuia mkono na kuniambia niiwashe, nilaze sikio. Redio inayochemka kama mafuta kwenye kikaango ina ugonjwa wake. Inayonguruma ina wake. Iliyonyamaza kabisa huenda haiumwi popote, ni waya tu umetoka kwenye plagi. Ile yetu ilikuwa imetoka waya. Nilikuwa nimeshaandaa bisibisi tatu na uso wa daktari wa upasuaji.

Huku kwetu vifaa vina maadui watatu: vumbi, joto na umeme unaokatika bila kuaga. Vumbi la Garissa ni laini kama unga, linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Dawa yake ni mswaki mkavu na uvumilivu. Joto linalegeza gundi, kwa hiyo chochote kitakachobeba uzito kifungeni kwa skrubu au waya, msiamini gundi hata kama imeandikwa maneno mazuri kwenye chupa. Kuhusu umeme sina ushauri. Chajini mapema na mtosheke na riziki.

Mwalimu Mutua alipohamishwa kurudi kwao, alinikabidhi funguo za maabara na kunikataza kumruhusu mtu yeyote aite kifaa kibovu kabla hajaeleza kinafanya nini. Nimelishika agizo hilo mpaka leo. Watu wengi husema "hii imeharibika" na hapo hapo maneno yanawaishia.

Baadaye zikaja kompyuta. Nilizishonea vifuniko kwa madirac yangu ya zamani, zile nguo nyepesi zetu za maua, na kwa muda chumba kilifanana na ukumbi wa harusi ambamo wageni wote wamekaa kimya. Wasichana walizipenda. Shule yetu ni ya wasichana, wengine wa hapa hapa mjini, wengine wa mbali huko kwenye mifugo, na wote walizisogelea mashine zile kwa hofu sawa, jambo lililonifurahisha. Mbele ya kompyuta hapakuwa na mtoto wa mjini wala wa porini.

Kisha, si miaka mingi iliyopita, wageni fulani walituachia sanduku, wakapiga picha nalo, wakaondoka. Ndani mlikuwa na roboti ndogo yenye ukubwa wa mkate wa dukani: magurudumu mawili, shingo ndefu iliyobeba macho ya kupimia umbali, na tumboni kispika kidogo kama kifungo cha koti. Hapakuwa na mtu wa kutufundisha. Wasichana wa klabu ya kompyuta waliiwasha, ikakimbia mezani ikizunguka na kuzunguka, shingo imesimama. Kiongozi wao, Hamdi, msichana wa mtaa wa Waberi hapa mjini, mwenye ulimi mwepesi, alisema ni gorayo huyo. Gorayo kwa Kisomali ni mbuni. Jina likaganda.

Tuligundua kuwa Gorayo hawezi kuimba mpaka aandikiwe. Unamuunganisha na kompyuta kwa waya, unamwandikia nambari mbili kwa kila mlio. Ya kwanza inamwambia sauti iwe ya juu au ya chini, ya pili inamwambia aishike kwa muda gani. Halafu unaandika mlio unaofuata, na unaofuata. Ni kama kumsomesha mtu asiyejua wimbo wowote duniani na asiye na aibu. Mara ya kwanza tuliandika nambari kubwa mno, akatoa ukelele uliomfanya bawabu aje mbio kutoka langoni na rungu lake, akiuliza ni nani kaumwa na nge.

Mwalimu mkuu alifurahi alipoona roboti inatembea. Aliagiza iwe tayari siku ya wazazi, itembee na kupiga muziki. Kutembea hakukunisumbua. Lililonipa kazi ni hilo la muziki, kwani baadhi ya wazazi wetu hawaupendi, na siku ya wazazi si siku ya kutafuta ugomvi.

Nilikwenda kwa Ustadh Ismail, mwalimu wetu wa dini, mtu mpole anayecheka kwa mabega tu. Alikuwa tayari anamfahamu Gorayo. Wiki iliyotangulia msichana mmoja alimwacha amewashwa stoo, programu yake ikiwa ya kujirudia isiyo na mwisho, na mchana watu wakiwa kwenye sala upande wa pili wa ukuta, Gorayo akalia kuanzia takbiri mpaka salamu. Ustadh aliniambia baadaye, kwa utulivu kabisa, "Dada Fatuma, mwambie huyo mbuni wako ajiunge nasi au anyamaze." Tangu siku hiyo kila kinachojirudia kwenye chumba changu kiliandikiwa mwisho, na betri ilitolewa kabla ya adhana. Nanyi fanyeni hivyo hivyo.

Nilipomweleza shida yangu, Ustadh alifikiri kidogo, akasema mbona tunatafuta mbali. Tumfundishe sauti ambazo wazazi wanazo nyumbani. Kengele ya ngamia, alisema, hakuna mzazi wa huku atakayeilalamikia.

Kengele hiyo tunaiita koor. Inachongwa kwa mti, inafungwa shingoni mwa ngamia, na mchungaji akiisikia anajua mifugo wake wako wapi hata kama vichaka vimewameza. Wasichana wa klabu walikaa siku kadhaa wakimwandikia Gorayo mlio wa chini, kimya, mlio wa chini, kimya. Kila walipomaliza tulisikiliza, tukatazamana, tukajua kwamba si hivyo, ila hakuna aliyejua kwa nini.

Hapo ndipo aliponijia Sahra.

Sahra alikuwa ametoka upande wa Eldas huko Wajir, kwa watu wenye mbuzi na ngamia, akaanza shule akiwa amechelewa kiumri. Wiki zake za kwanza alisimama darasani kuomba vitabu vyake, akasema "fitabu fyangu," na darasa zima likaangua kicheko. Wengi waliocheka wenyewe husema "bengine" wakikusudia "pengine," lakini kicheko hakina kumbukumbu. Sahra aliketi, na tangu siku hiyo hakusema tena. Si Kiswahili, si Kiingereza. Mimi nilijaribu Kisomali, lugha ya mama yetu sote wawili, akanijibu kwa kichwa. Alama zake zilishuka. Walimu walianza kuulizana kama ni mgonjwa, na shule ikatuma habari nyumbani.

Zamu yake ya usafi ilikuwa maabara. Siku hiyo alikuwa anafagia chini ya meza wakati Gorayo akigonga kengele yake ya bandia kwa mara isiyohesabika. Ufagio ulisimama.

"Hii si ngamia," alisema. "Ngamia hana saa kwa tumbo."

Hamdi aligeuka kama aliyeguswa na waya wa umeme. Nilimkazia macho asiseme chochote, naye, Mungu ambariki, akanyamaza. Nikamuuliza Sahra, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, ngamia anafanyaje basi. Alieleza kwa Kisomali, akitazama chini. Ngamia anapiga hatua, anasimama kula, anainua shingo, anatikisa masikio kwa ajili ya nzi, anatembea tena. Kengele yake haina mpangilio. Ikiwa na mpangilio, mchungaji anaogopa, maana huenda mtu ameiiba na anaitikisa kwa mkono.

Nilimwonyesha kompyuta. Tulichokuwa tumeandika ni kimya chenye urefu mmoja. Nikamweleza kwamba mashine inaweza kuambiwa ichague yenyewe urefu wa kimya, kati ya kidogo na kikubwa, kama mtu anayechota mbegu mfukoni bila kutazama. Aliwekea kimya chake mipaka, akaifuta, akaiweka upya. Ilipolia, wasichana wote waliacha walichokuwa wakifanya. Bado ulikuwa mlio wa bati, lakini sasa kulikuwa na mnyama ndani yake.

Kuhusu bati, Sahra alisema spika haiwezi kuwa mti. Tupate koor yenyewe, tuifunge shingoni mwa Gorayo, na kiinjini kidogo cha akiba kilichokuja sandukuni kiitikise. Akaniomba simu. Alipozungumza na mama yake, nilisikia mama akiuliza ni nani amefariki, kwa kuwa hakutegemea kusikia sauti ya bintiye kwa sababu nyingine. Alipoambiwa ni kengele tu inayotakiwa, alisema ataitafutia lori.

Kengele ililetwa na lori la mifugo, imefungwa kwenye kitambaa, inanuka moshi. Ilifuatiwa na simu kutoka kwa ami yake Sahra, ambaye yeye humwita Adeer Bishar. Alizungumza nami kwa adabu. Alisema familia imekaa na kuamua. Mtoto ametumwa shule akaota ububu, na sasa akifungua kinywa anaomba kengele. Angekuja siku ya wazazi, angeshukuru walimu, halafu angeondoka naye kwenda Bute, kwa shangazi yake mwenye duka. Huko angepima sukari na kuuza vitambaa, na pengine ulimi wake ungefunguka.

Nilimpa Sahra habari hiyo nikiwa nimekaa naye benchi moja. Aliuliza siku ya wazazi ni lini. Nilipomjibu, alisema basi kuna muda, akarudi mezani.

Muda aliutumia kuandika wimbo. Wanaume wanapochota maji kwenye visima virefu vya huko kwao, hupokezana ndoo kutoka chini hadi juu, na mmoja huita kwa wimbo, wenzake huitikia, ngamia hunywa kwa utaratibu huo. Sahra alikuwa ameusikia tangu utotoni, akiwa upande wa mbuzi. Gorayo ana spika moja inayoweza kutoa sauti moja tu kwa wakati, na nyimbo nyingi alizojaribiwa zilimshinda kwa sababu hiyo. Huu ulimtosha kama kiatu chake, kwani mwitaji ni mmoja.

Sahra aliandika mwito, halafu akaandika kimya kirefu. Mwito mwingine, kimya kingine. Hamdi alipousikia mara ya kwanza alinyoosha mkono kwenye kibodi kurekebisha.

"Mwalimu, hapa programu imekwama," alisema.

"Haijakwama," Sahra alisema. "Hapa ni ya watu."

Hamdi alisema watu wenyewe hawajui kwamba wanangojewa. Sahra akamjibu kwamba watajua. Walibishana mchana kutwa, na nakiri sijawahi kufurahia ubishi kama ule, kwa sababu nusu yake ilikuwa inatoka kwa Sahra. Mimi moyoni nilikuwa upande wa Hamdi. Kimya mbele ya hadhira ni kitu cha kutisha. Lakini ulikuwa wimbo wa Sahra, na siku alizobakiza zilikuwa zake, nikaacha.

Siku ya wazazi ilipofika tuliunganisha meza katikati ya ukumbi ili Gorayo aonekane. Adeer Bishar alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, mwembamba, kikoi kimefungwa vizuri, fimbo imelala mabegani na mikono imening'inia juu yake. Sanduku la chuma la Sahra lilikuwa kando ya mguu wake. Alikuwa ameshalichukua bwenini.

Hotuba zilikuwa ndefu kama kawaida. Kisha Sahra na Hamdi wakamweka Gorayo mezani. Alianza kutembea, koor ikigonga shingoni, na minong'ono ikafa. Wazee waligeuza vichwa kuelekea mlangoni kabla ya kugundua kwamba ngamia yuko mezani. Kicheko kilipita ukumbini, cha watu waliofurahi kudanganywa. Gorayo akasimama katikati, akaita.

Kikaja kile kimya.

Nilisikia feni za dari. Mtoto alikohoa. Gorayo akaita tena, kimya kikaja tena, na wazazi wa mbele wakaanza kunitazama jinsi abiria wanavyomtazama utingo gari linapozima njiani. Mwalimu mkuu aliinamia saa yake. Hamdi alisogeza mkono kwenye swichi, na Sahra akaushika mkono ule, akaukalisha chini ndani ya wake. Nilitazama uso wake. Alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Gorayo aliita mara ya tatu, na nyuma kabisa, karibu na mlango, mtu akaitikia.

Ilikuwa sauti nzito, ya chini. Adeer Bishar hakuwa hata ameinua kichwa. Aliitikia kama mtu aliye kisimani, mikono imejaa, anayeitikia kwa sababu mwenzake ameita. Mwito uliofuata uliitikiwa na wazee waliokuwa karibu naye. Uliofuata, na upande wote wa wanaume. Kina mama wakaingia kwa makofi. Wasichana wa mjini, ambao hawajawahi kushika ndoo ya kisima, walijikuta wanaujua. Kifungo kile cha koti tumboni mwa Gorayo kilikuwa kinaita, na ukumbi mzima unakijibu, na kila kimya alichokiandika Sahra kiliwatosha kabisa. Ustadh Ismail alikuwa anatikisika mabega.

Ulipokwisha waliutaka tena. Tuliurudia mpaka betri ikachoka.

Baadaye Adeer Bishar alikuja mezani. Alimgusa Gorayo shingoni kwa kidole, akamuuliza Sahra ni nani aliyekipa kitu hiki wimbo wao. Sahra akamweleza. Alieleza nambari za juu na za chini, kimya kinachojichagulia urefu, kiinjini na skrubu zake, kwa Kisomali kwanza, halafu, kwa kuwa wazazi wengine walikuwa wamesogea na miongoni mwao walikuwamo wasiokijua, kwa Kiswahili. Alieleza kwa kirefu, akikosea hapa na pale, akijirekebisha pale alipotaka tu. Ami yake alimsikiliza bila kumkata.

Alipomaliza, Adeer Bishar alinigeukia. "Walaal, dada yangu, nilikuja kuchukua mtoto aliyenyamaza," alisema. "Huyu ana kazi. Mwache amalize."

Akainama, akalinyanyua sanduku la chuma, akalirudisha bwenini yeye mwenyewe, akisindikizwa na matroni aliyekuwa akimweleza kwamba wanaume hawaruhusiwi. Aliliweka kwenye kizingiti, akaenda zake.

Sahra alimaliza. Kulikuwa na milima na mabonde, hesabu ilimsumbua sana, na mara moja alikasirikiana na Hamdi muhula mzima kwa jambo ambalo wote wawili wamekataa kunieleza. Lakini alizungumza. Kuna walimu walioniambia, kwa utani, kwamba heri zamani. Leo yuko chuo cha ufundi hapa Garissa, na nilipostaafu alikuja na wenzake kunisaidia kuhesabu vifaa vya maabara, wakala sambusa zote za wageni.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Kikundi chao kimefunga mashine kwenye kisima cha pampu karibu na kwao, inayotoa mlio tangi likijaa ili pampu izimwe na maji yasimwagike. Mashine ilifanya kazi vizuri. Shida ni kwamba kila ikilia, mifugo walioko kwenye birika walitawanyika porini, na wachungaji walikuwa wameanza kuitupia mawe. Walikuwa wamejaribu sauti ya juu, ya chini, hata ya kengele. Alitaka kujua mimi ningetumia sauti gani.

Nilimuuliza ni nani anayekunywa pale.

"Mbuzi, Mwalimu. Mbuzi wengi sana."

"Basi waulize mbuzi," nilimwambia.

Alicheka, lakini alikwenda. Alikaa karibu na birika na kompyuta magotini, akibadilisha nambari moja baada ya nyingine, akitazama masikio yao. Juzi alinitumia sauti aliyorekodi kwa simu. Niliacha vyombo, nikakaa, nikalaza sikio. Mlio ulikuwa mfupi, mpole, unapanda kidogo mwishoni. Baada yake hapakuwa na vurugu wala kwato, ila mbuzi tu, wengi, wakiendelea kunywa maji.